Barolo: Mvinyo mkongwe unaodai subira

Anayefungua chupa ya Barolo iliyolazwa miaka 30 huenda akadhani ameuziwa kitu kilichoharibika. Rangi imefifia ikafanana na tofali lililochomwa, ukingoni inakaribia ya chungwa, na chini ya chupa pana mashapo. Dalili hizo, ambazo katika mvinyo mwingine zingetia shaka, hapa ndizo ishara za ukomavu.

Barolo hutengenezwa kwa zabibu aina ya nebbiolo pekee, katika vijiji 11 vya vilima vya Langhe, jimbo la Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia. Nebbiolo hukawia kuiva. Kwa desturi huchumwa Oktoba, ukungu unapoanza kutanda mabondeni. Maganda yake hayatoi rangi nzito, lakini yamejaa ukakasi, ule unaokausha ulimi mithili ya ndizi mbichi. Kwa sababu hiyo, sheria huutaka mvinyo huo ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ikiwa ndani ya pipa. Ule uitwao riserva husubiri miezi 62.

Wanaofuata mapokeo huongeza subira yao wenyewe. Huacha maganda ndani ya maji ya zabibu kwa mwezi mmoja au zaidi, kisha huhamishia mvinyo katika mapipa ya mwaloni wa Slavonia, nchini Kroatia, yanayobeba maelfu ya lita. Pipa la namna hiyo hutumika kwa miongo. Halitii ladha ya mbao. Huuacha tu mvinyo upumue polepole.

Katika miaka ya 1980 mtindo huo nusura uzikwe. Vijana waliozuru Burgundy, Ufaransa, walirejea wakitaka mvinyo laini unaofaa kunywewa mapema, uliokaa na maganda siku chache na kulazwa katika mapipa mapya ya lita 225. Mwaka 1983, Elio Altare wa La Morra aliyakatakata mapipa ya babake kwa msumeno wa injini. Babake akamnyima urithi. Upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello, aliyechora kwa mkono lebo ya kuyakataa mapipa madogo na, papo hapo, kumkataa mwanasiasa Silvio Berlusconi. Mzee huyo alifariki 2005, na bintiye, Maria Teresa, akaendeleza kazi kwa njia ile ile.

Vijana hao hawakukosa hoja, kwani baadhi ya mapipa ya zamani yalikuwa machafu na yaliharibu mvinyo. Hata hivyo, wengi wa watengenezaji wa baadaye waliyarudia mapipa makubwa, safari hii wakizingatia usafi.

Chupa kongwe husimamishwa wima siku nzima ili mashapo yatulie, kisha mvinyo humiminwa taratibu na masalia kuachwa. Joto la nyuzi 18 latosha. Kwanza hunukia waridi lililokauka na lami, baadaye ngozi na majani makavu ya msituni. Ukakasi haujatoweka, ila umelegea. Asiyeharakisha atagundua kuwa bilauri iliyokaa saa moja haina tena harufu iliyokuwa nayo mwanzoni. Huko Langhe huandamana na nyama ya ng'ombe iliyotokoswa kwa saa kadhaa ndani ya mvinyo.

Ukinuka siki, basi huo umeharibika kweli.