Safari Kabla ya Lami

Barabara kuu inayokatisha mji mdogo wa Mbalizi haikujengwa kwa ajili ya mtu anayewahi kazini Mbeya. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia mwaka 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba. Ndipo barabara ya kutoka Dar es Salaam ikatandazwa lami hadi Tunduma, mpakani, kisha mwaka 1976 reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa rasmi. Mbalizi ikanenepa njiani.

Waliobaki nyuma ni watu wa Umalila, huko juu vilimani, Santilya na Ilembo. Kwa miaka mingi aliyetoka huko alishuka kwa miguu, au alidandia lori la mazao na kukaa juu ya magunia ya viazi, ameshika kamba. Masika gari likikwama, abiria walishuka kusukuma. Kufika Mbalizi ndiyo ilikuwa kazi. Kutoka hapo kwenda Mbeya, afadhali.

Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, kwa kuwa shirika la usafiri la UDA lilikuwa limezidiwa. Daladala zikaenea hadi mikoani. Leo makonda wa Mbalizi wanaita “Mwanjelwa! Kabwe!” tangu alfajiri, lakini hawapandi vilimani. Pengo hilo limezibwa na bodaboda na bajaji, zilizowekewa kanuni za leseni mwaka 2010. Zimewaokoa wengi. Ila abiria hulipa mara mbili, bodaboda kisha daladala, na mvua ikinyesha nauli ya bodaboda hupanda palepale.

Dar es Salaam walilifikiria jambo hili mapema. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza Mei 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650 na ya mabasi ya mlisho 400, lakini aliyeunganisha zote mbili alilipa 800 badala ya 1,050. Huo ulikuwa uamuzi wa haki: anayeishi mbali na barabara hakuadhibiwa kwa umbali wake.

Sasa huku Mbeya barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, jirani kabisa na Mbalizi. Foleni itapungua, na ni jambo jema. Lakini mama wa Santilya mwenye tenga la mboga anahitaji pia barabara ya kijijini inayopitika masika, na kituo chenye paa ambapo bajaji itamshusha pembeni mwa daladala, si ng’ambo ya malori yanayoteremka kwa kasi kutoka Iwambi.