Kitabu cha Maajabu cha Kadhi wa Wasit

Mwaka 1280, katika mji wa Wasit nchini Iraki, ilikamilika nakala ya kitabu cha Kiarabu kiitwacho Ajaib al-makhluqat, yaani maajabu ya viumbe. Mtungaji wake, Zakariya al-Qazwini, Mwajemi aliyepata kuwa kadhi wa mji huohuo, alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1283. Nakala hiyo yenye picha za rangi sasa imehifadhiwa Munich, Ujerumani, nayo ndiyo kongwe kuliko zote zenye picha zinazojulikana.

Al-Qazwini hakukusanya ovyo. Alianzia juu, kwenye sayari, nyota na malaika, kisha akashuka kwenye bahari, madini, mimea, wanyama, binadamu na majini. Malaika Israfili yumo, na nyuki yumo. Tena nyuki ametangulia, maana anatajwa katika utangulizi: anayeliona sega kwa mara ya kwanza hustaajabu jinsi mdudu dhaifu alivyojenga vijumba vya pembe sita vilivyo sawasawa, kazi ambayo ingemtoa jasho fundi mwenye bikari na rula. Akishalizoea, haoni tena la kushangaza. Hoja ya kitabu kizima imejificha hapo: dunia imejaa maajabu, ila mazoea huyafunika.

Sehemu ya bahari ndiyo tamu zaidi, kwani habari zake nyingi ni za mabaharia na wafanyabiashara. Kuna kasa mkubwa ambaye watu waliteremka mgongoni pake wakidhani ni kisiwa, wakawasha moto, naye akaanza kwenda. Bahari ya Zanj, inayopakana na pwani ya Afrika Mashariki, ina maelezo yake: anayesafiri humo huiona nyota ya Suheli, lakini ncha ya kaskazini ya mbingu haionekani. Kwa aliye kusini mwa ikweta hilo ni kweli tupu, nalo limekaa kitabu kimoja na watu wenye vichwa vya mbwa bila kuoneana haya.

Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiajemi na Kituruki, kikanakiliwa kwa karne nyingi hadi India. Kila nakala yenye picha ilihitaji mchoraji wake, na viumbe vingi hakuna aliyepata kuviona. Ndiyo maana malaika yuleyule hubadili uso na mavazi kutoka nchi hadi nchi. Matini ya Kiarabu ilichapishwa Göttingen mwaka 1849, chini ya uhariri wa Ferdinand Wüstenfeld.