Ardhi ya Dola, Malisho ya Nani? Haki za Wenyeji wa Malemba-Nkulu katika Sheria ya Mwaka 1973

Kifungu cha 53 cha Sheria ya Ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 kinasema udongo wa Kongo ni mali ya dola peke yake, mali isiyoweza kuhamishwa wala kupotea kwa kupita muda. Kwa mkulima wa Malemba-Nkulu, jimboni Haut-Lomami, shamba la mihogo alilorithi kwa babu yake na mbuga ambako kijiji huchunga mbuzi na kukata nyasi za kuezekea ni vya dola. Wazo hili ni la zamani kuliko Rais Mobutu, ambaye sheria hiyo ilitungwa chini ya utawala wake. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ya utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ilikwisha kutangaza kwamba ardhi tupu ni ya dola, na kwa macho ya watawala hao malisho, mawindo na mashamba yaliyopumzishwa yalikuwa matupu.

Wengi wanalaumu umiliki huo wenyewe. Naona kasoro iko mbele zaidi katika sheria ileile. Kifungu cha 387 kinaingiza ardhi za jamii katika mali ya dola. Cha 388 kinazitambua kuwa zile zinazokaliwa, kulimwa au kutumiwa kwa namna yoyote kufuatana na mila. Cha 389 kinaahidi kwamba haki za wanaozitumia zitapangwa kwa amri ya Rais. Miaka 50 ilipita bila amri hiyo kutolewa.

Pengo hilo lina gharama, na anayelipa ni mnyonge. Mwenye ng'ombe wengi, awe tajiri wa Lubumbashi au mchungaji aliyeshuka na mifugo kutoka Kivu ya Kusini kama wale waliofika Kalemie na Moba, huenda kwa chifu, akatoa ng'ombe, akaonyeshwa upande wa kuchungia. Kiangazi kikikausha vilima, ng'ombe huteremka kufuata majani mabichi ya bonde la Lualaba na maziwa yake, palepale watu wanapolima maji yakishapungua. Kunakucha mahindi yameliwa na mihogo imekanyagwa. Mkulima anataja wazee waliomwachia shamba, mchungaji anataja neno la chifu, na ofisi ya ardhi haina karatasi ya yeyote kati yao. Hapo anashinda mwenye kujuana na wakubwa. Nafasi yenyewe ni finyu, maana Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, imekwisha kuchukua sehemu ya bonde hilo.

Magharibi mwa Marekani nako serikali kuu inamiliki karibu nusu ya ardhi. Lakini Sheria ya Taylor ya mwaka 1934 ilileta vibali vya kuchunga, kwa kawaida vya miaka 10, vyenye kutaja eneo, idadi ya mifugo, msimu na ada. Mfugaji Cliven Bundy wa Nevada aliacha kulipa ada hiyo mwaka 1993, na mwaka 2014 wafuasi wake wenye silaha waliwakabili maofisa waliokuja kukamata ng'ombe wake. Ugomvi ulikuwa mkali, ila mahakama zilikuwa na maandishi ya kusoma. Malemba-Nkulu hakimu atasoma nini?

Kongo ina mfano wake wenyewe. Dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii kupewa msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bure na bila kikomo cha muda, baada ya kuchora mipaka pamoja na majirani. Mbuga za malisho zinastahili utaratibu huohuo. Watasema machifu watauza kila kitu. Wanauza sasa hivi, gizani, kwa sababu hakuna mwingine anayetakiwa kutia sahihi. Amri ya kifungu cha 389 iipe jamii nzima hati ya malisho, na mwenye ng'ombe akodi kwa msimu, kwa mkataba unaotaja idadi ya mifugo, njia ya kupita na fidia ya shamba lililoliwa, mkataba unaosomwa hadharani mbele ya wakulima wanawake na vijana kabla ng'ombe wa kwanza hajaingia bondeni.