Pampu ya nyumbani Kisauni, na maji ya Mombasa yanatoka wapi

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na makala ya hifadhidata, lakini pampu yetu ya maji hapa Kisauni ilikufa na karibu wiki nzima nimeshika bisibisi badala ya kibodi. Sijuti. Kutafuta hitilafu ya pampu na kutafuta kosa ndani ya programu ni kazi moja, na hii ilinifikisha mbali kuliko nilivyodhani.

Kwanza mpangilio wenyewe. Maji ya mfereji yanaingia kwenye tangi la chini, uani. Pampu ndogo ya nusu farasi, yaani kama wati 370, inayapandisha hadi tangi la juu ya paa, kisha yanashuka yenyewe. Mamangu anakaa ghorofa ya pili na magoti yake hayapatani na ngazi. Pampu ikifa lazima mtu abebe ndoo, na mtu huyo ni mimi.

Dalili ilikuwa hivi: ukiiwasha inavuma, lakini haizunguki. Nikasema nimwite fundi. Mama akaniangalia. "We si umesomea kompyuta miaka minne? Hiyo nayo si mashine tu?"

Haya. Nikazima umeme kwenye swichi kubwa (tafadhali usiguse kitu kabla ya hapo), nikafungua kifuniko cha feni kule nyuma na kuizungusha shafti kwa mkono. Ikazunguka laini. Basi haikuwa imekwama kwa kutu wala mchanga. Mota za namna hii, za umeme wa fezi moja, haziwezi kuanza kuzunguka zenyewe. Zinahitaji kapasita izipe msukumo wa kwanza. Kapasita ikichoka, mota inabaki kuvuma na kupata moto. Nikaitoa ile ya mikrofaradi 10, nikanunua nyingine yenye namba ileile kwa pesa kidogo, na pampu ikaamka. Nikatembea kifua mbele siku mbili.

Siku ya tatu ikaangusha swichi. Nilipoifungua nikakuta maji ndani ya mota. Sili, ile pete inayozuia maji yasifuate shafti, ilikuwa imeungua. Sili hupozwa na maji yaleyale inayoyazuia. Pampu ikizunguka kavu, dakika chache zinatosha kuiharibu. Kumbe kapasita haikuwa chanzo, nayo yaelekea ilichoshwa na joto lilelile. Nilikuwa nimerekebisha dalili. Kila programa anaijua aibu hii.

Kwa nini ilizunguka kavu? Kwa sababu mdogo wangu aliiwasha akaisahau huku tangi la chini ni tupu. Kwa nini tupu? Kwa sababu mfereji haukutoa maji siku nane. Na kwa nini mfereji wa Kisauni unakauka? Hapo nikaacha bisibisi nikaanza kusoma.

Mombasa ni kisiwa cha maji ya chumvi kisicho na mto wake. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 shida ilikuwa hii hii. Ukienda leo utaona kisima kirefu walichochimba, ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi na hayakufaa ila kwa kuoshea, na birika la kukusanya maji ya mvua. Waswahili walikuwa wameshapata jibu lao zamani: visima vifupi vilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na mabirika misikitini. Nenda Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, utaona birika la msikiti lipo bado. Jibu hilo lilitosha mji mdogo.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikabidi treni ibebe maji kuvuka nyika ya Taru. Kisha, katika miaka ya 1910, maji ya chemchemi za Marere, Milima ya Shimba, yakaletwa mjini kwa bomba. Bandari ikakua, watu wakaongezeka, Marere ikawa haitoshi. Katika miaka ya 1950 likalazwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, Tsavo, kiasi cha kilomita 220. Mimi naliheshimu bomba hili kuliko programu nyingi nilizowahi kuziona. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Chyulu, inazama kwenye mawe ya volkano, inachujwa chini kwa chini, inatokea Mzima ikiwa safi mbele ya viboko, kisha inateremka kuelekea pwani kwa mvutano wa ardhi tu. Voi, Mackinnon Road, Mariakani, Mazeras. Njia nzima hakuna kapasita ya kuungua.

Maji ya Kisauni hayaji hivyo. Katika miaka ya 1980 ukaja mradi wa Baricho, upande wa Malindi, ambako visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki huvutwa kwa pampu za umeme. Yanafika kwetu kupitia matangi ya Nguu Tatu. Kwa hivyo sisi wa bara tuko mafungu matatu: Changamwe iko njiani mwa maji ya Mzima, Likoni inategemea visima vya Tiwi na Marere, na Kisauni inategemea Baricho. Umeme ukikatika Baricho, sisi tunaisikia kwenye mtungi. Ndiyo maana mikokoteni ya maji haipungui hapa, na ndiyo maana kila mwenye uwezo ana tangi la chini, tangi la juu na pampu katikati. Kwa maneno mengine, pampu yangu ilikufa kwa sababu inategemea pampu nyingine.

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, akashauri: "Mwanangu, achana na mfereji, vuta kisima." Kisima chake kinafaa kufulia, si kunywa. Pia kuna sheria ya maumbile hapa. Galileo aliandika mwaka 1638 kwamba pampu ya kunyonya hushindwa kuinua maji kupita kama mita 10. Mwanafunzi wake Torricelli akaeleza sababu kwa jaribio la zebaki la mwaka 1643: pampu haivuti maji, ni uzito wa hewa unaoyasukuma juu. Kiutendaji utapata mita 7 au 8. Kisima kirefu kuliko hapo kinataka pampu ya kuzamishwa, na bei yake ni habari nyingine.

Duka la pampu nalo lina historia yake. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, Appold alionyesha kwamba ukipinda mapanga ya gurudumu la pampu, ufanisi unafika asilimia 68. Yakiwa yamenyooka ni kama 24. Mota ileile, maji yaleyale, umebadilisha umbo tu. Huu ni mfano ninaowapa watu wanaotaka kununua seva kubwa zaidi kabla ya kusoma msimbo wao.

Kuifunga pampu mpya kulichukua asubuhi moja. Umeme chini, valvu zote mbili zimefungwa, nati za kuungia zimefunguliwa, ya zamani nje. Utepe mweupe kwenye nyuzi kwa kufuata upande wa kukaza (mara ya kwanza niliuzungusha kinyume, ukavuja). Kabla ya kuwasha nikaijaza maji kupitia kizibo cha juu, kwa sababu pampu hii haijui kusukuma hewa. Waya wa ardhi nimeuunganisha; ile ya zamani haikuwa nao kabisa, na tuliishi hivyo miaka mingi.

Kisha nikaongeza kitu kilichokosekana tangu mwanzo: swichi ya boya kwenye tangi la chini. Maji yakishuka, boya linashuka na umeme unakatika, hata kama mdogo wangu amelala. Niliijaribu kwa kulimwaga tangi karibu lote, Mama akapiga kelele kutoka juu kwamba nampotezea maji. Pampu ikazima yenyewe sentimita 20 kabla ya sakafu. Mfereji ulirudi usiku ule, saa tisa.