Dubwana la pembe mbili na wenyewe wanaolipenda

Ndugu msikilizaji, leo nataka kuzungumzia katuni. Najua wapo watakaosema kwamba mtu mzima mwenye miaka arobaini na kitu hana sababu ya kutumia dakika za redio kwa mambo ya watoto. Nawaomba wanivumilie. Yako mambo ya watoto ambayo ukiyafunua unakuta watu wazima ndani yake, tena wengine wanalia.

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka 2024, pale Benaco katika kata yetu ya Kasulo, wilayani Ngara. Msafiri yeyote wa barabara ile anapajua: malori yamejipanga kandokando, madereva na utingo wao wanatafuta chakula kabla ya kushuka Rusumo kuvuka kwenda Rwanda. Nilikuwa nakula ndizi na maharage kwa mama ntilie, akaja kuketi mbele yangu bwana mmoja wa makamo, kavaa kanzu nyeupe na kofia ya Kiomani. Nilipomsalimu, Kiswahili kilichonijibu kilikuwa cha kwetu kabisa.

Aliniambia kwamba babu yake alikuwa akiuza nguo Biharamulo, na kwamba wazazi wake walihamia Muscat katika miaka ya sabini yeye akiwa bado mtoto wa kubebwa. Alikuwa ametoka kuzuru kaburi la babu, na sasa alikuwa njiani kwenda Kigali kwa shughuli zake. Wakati wote tunaongea simu yake ilikuwa inalia mfululizo. Mwishowe nikamuuliza: "Kaka, kuna msiba nyumbani?"

Akacheka kwa uchungu. "Afadhali ungekuwa msiba, tungezika tukamaliza. Wamemharibu Grendizer, na ndugu zangu Muscat hawasemezani."

Nilidhani Grendizer ni jina la mtu. Akanifungulia picha mbili kwenye simu, moja ya zamani na moja mpya. Zote zilikuwa picha za dubwana la chuma lenye pembe mbili kubwa kichwani, mfano wa fahali wa Ankole. Mimi, kusema kweli, sikuona tofauti kubwa. Yeye alizihesabu kama mfugaji anayetambua ng'ombe wake katika zizi la jirani: hapa wamempunguza unene, hapa wameongeza mistari, hapa wamechonga ncha palipokuwa na bapa.

Tangu siku ile nimejishughulisha kulichimbua jambo hili, na nimegundua kwamba lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Grendizer ni kazi ya mchoraji wa Kijapani, Go Nagai. Huyu ndiye aliyeanzisha Mazinger Z mwaka 1972, roboti jitu linaloendeshwa na mtu aliyeketi ndani ya kichwa chake. Grendizer alifuata katika televisheni ya Japani kuanzia Oktoba 1975 hadi Februari 1977, kwa sehemu 74. Hata kwa desturi za Wajapani hili lilikuwa dubwana la aina ya peke yake. Halikuundwa na mwanasayansi wa Kijapani kama Mazinger. Lilitoka sayari nyingine. Lilisafiri ndani ya kisahani kikubwa kinachoruka, kichwa na pembe vimechomoza nje kama kobe. Silaha yake mashuhuri ilitoka mabegani mfano wa miundu miwili.

Lakini msikilizaji, nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Mwendeshaji wa dubwana hilo ni mwana wa mfalme aitwaye Duke Fleed. Sayari yake imevamiwa na kuangamizwa na majeshi ya Vega. Yeye ameponea chupuchupu, akatoroka na Grendizer hadi duniani. Huku anapokelewa na profesa wa Kijapani anayemfanya mwanawe, anapewa jina la Kijapani, anafanya kazi katika shamba la mifugo, na kwa muda mrefu anaficha asili yake. Kwa lugha yetu ya Ngara, huyo ni nani? Huyo ni mkimbizi.

Kule Japani Grendizer alipendwa, lakini hakumfunika Mazinger. Aliwaka moto ugenini. Ufaransa walimwonyesha kuanzia Julai 1978 kwa jina la Goldorak, na Italia mwaka huohuo. Kisha katuni hiyo ikapelekwa Lebanon, ikatiwa sauti kwa Kiarabu fasaha. Sauti ya Duke Fleed alikuwa mwigizaji Jihad al-Atrash, na wimbo wa kufungulia aliimba Sami Clark. Kumbuka kwamba Lebanon ilikuwa vitani tangu 1975, na vita hivyo havikuisha hadi 1990. Watoto wa Beirut walikuwa wakimtazama kijana ambaye nchi yake imechomwa, huku wakisikia mabomu ya kweli nje ya dirisha.

Kutoka hapo Grendizer alienea katika televisheni za nchi nyingi za Kiarabu, hata akamkuta rafiki yangu wa Benaco akiwa mtoto mjini Muscat. Familia nyingi za Kiomani zilizokuwa zimekaa Zanzibar na bara zilirejea Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje. Wengi walifika wakiwa na Kiswahili kinywani na Kiarabu cha kuombaomba. Bwana yule aliniambia kwamba shuleni walimcheka, wakamwita Mzanzibari hata kama hajawahi kuiona Zanzibar.

"Kiarabu safi nilifundishwa na Grendizer," akasema. "Yule alikuwa kama sisi. Amefika mahali panaitwa kwao, lakini anaogopa kufungua mdomo."

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mwaka 2022 mjini Riyadh ilisimamishwa sanamu ya Grendizer yenye urefu wa mita 33.7, ikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Umbo lake lilikuwa lile la zamani, na watu wazima walipanga mstari kupiga picha pamoja na watoto wao. Kisha mwaka 2024 ikatoka katuni mpya, Grendizer U, ambayo kampuni ya Kisaudi ya Manga Productions ilishirikiana na Wajapani kuitengeneza. Hawakuokota wachoraji barabarani. Mwongozaji mkuu alikuwa Mitsuo Fukuda, na sura za watu zilichorwa na Yoshiyuki Sadamoto, mmoja wa mabingwa wa Japani. Wakachora dubwana upya, wakabadili sura, na hadithi ya sehemu 74 ikasimuliwa upya kwa sehemu 13.

Mashabiki wakagawanyika. Wapo waliofurahi, wakasema kila kizazi kina Grendizer wake na watoto wa leo hawawezi kukaa mbele ya michoro ya 1975. Wapo waliokasirika kama watu waliobomolewa nyumba. Waliosimama katikati walisema kwamba picha ni nzuri lakini hadithi inakimbia, na yule mkimbizi hapewi nafasi ya kutulia shambani na kuomboleza kwao.

Kwa maoni yangu, hao wa katikati ndio waliogusa ukweli. Wenzao walikuwa wakigombania pembe na unene wa kifua kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana kwa macho. Mtu akiibiwa kitu kisicho na jina hukitafuta katika kile chenye jina.

Ushahidi ninao. Mwaka 2021 Wafaransa watano, wakiwemo Xavier Dorison na Denis Bajram, walitoa kitabu kipya cha picha cha Goldorak kwa ridhaa ya Go Nagai. Nao walilichora dubwana upya kwa mkono wao. Lakini hasira ya namna hii haikuonekana. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi. Nadhani sababu ni kwamba waliwakuta mashujaa miaka kadhaa baadaye, wakiwa na makovu, wakaacha swali la zamani libaki mezani: mtu aliyepoteza kwao anadaiwa nini na nchi iliyompokea, na nchi hiyo inamdai nini?

Msikilizaji, sina haki ya kuwanyooshea kidole Wasaudi wala Wajapani, maana kosa kama hilo nimelifanya mwenyewe.

Nilipoanza kazi ya redio, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo nilichokuwa kilikuwa na kipindi cha kutafuta ndugu waliopotezana wakati wa kukimbia vita. Tulisoma majina: fulani mwana wa fulani, anamtafuta mama yake, mara ya mwisho walionana mahali fulani. Kiashirio cha kipindi kilikuwa ngoma ya zamani iliyorekodiwa vibaya, ina mkwaruzo kama mahindi yanayokaangwa. Mimi, kijana mwenye diploma mpya na kiburi chake, nikakibadili. Nikaweka muziki safi wa kinanda. Wenzangu wakanipongeza.

Wiki ya tatu alikuja mama mmoja kutoka kambini, kwa miguu. Hakuwa na saa wala hakujua kusoma. Alisema redio ni ya jirani, na kwamba kila akisikia ngoma ile huacha jembe na kukimbilia kwa jirani, kwa sababu huenda siku hiyo likasomwa jina la mwanawe. Tangu ngoma ilipokoma amekuwa akifika kipindi kimekwisha. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mlikifuta kile kipindi?"

Ngoma ilirudi siku ileile, pamoja na mkwaruzo wake. Kama jina la mwanawe lilikuwa limeshasomwa katika zile wiki mbili, yeye hakulisikia kwa sababu yangu.

Hilo ndilo nililomsimulia bwana yule mbele ya sahani zetu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini mahali hapa panaitwa Benaco. Nikamweleza kwamba ni jina la kampuni ya Kitaliana iliyojenga barabara na kupiga kambi hapa. Na kwa Waitaliano Benaco ni jina la kale la Ziwa Garda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufika laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakakaa hapa. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia na walikuwamo waliomwaga damu. Nilikuwa mtoto wa shule, niliwaona. Desemba 1996 wakarudishwa. Mahema yakaondoka, jina likabaki.

"Wakija wataalamu wakataka kulibadili?" akauliza.

Nikamjibu kwamba labda watakuwa na sababu nzuri. Lakini kwanza wawaulize watu wa Kasulo linabeba nini.

Sisemi kwamba kitu kikishapendwa kisiguswe. Nyumba isiyokarabatiwa huanguka. Ninachosema ni kwamba fundi mwenye busara, kabla ya kubomoa ukuta, hugonga kwanza asikie kama umebeba paa. Aliyekichora kitu ana haki yake, na aliyenunua hakimiliki ana karatasi zake. Lakini yule aliyekitumia kuvuka nacho mto naye anastahili kuulizwa.

Katika sehemu ya mwisho ya katuni ile ya zamani, Duke Fleed anaagana na waliompokea, anapanda Grendizer, anarudi kuijenga upya sayari yake. Bwana yule aliniambia kwamba utotoni alilia sana siku hiyo, na hakujua kama alikuwa akimlilia anayeondoka au wanaobaki. Kisha honi ya gari lake ikalia, akaniaga, akashuka kuelekea Rusumo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.