Wanawake Katika Taaluma ya Sheria na Haki ya Mkulima wa Kilombero

Historia ya wanawake kuingia katika kazi ya sheria huandikwa mara nyingi kwa kutaja waliotangulia: huyu alikuwa wakili wa kwanza, yule jaji wa kwanza. Hesabu hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Sheria si mali ya wachache wavaao majoho. Ni mizani ambayo kwayo ndoa, nyumba na mashamba ya watu wote hupimwa. Kwa hiyo anayetaka kujua maana ya jambo hili katika Tanzania hana budi kutazama mahali pawili: darasa la Dar es Salaam ambamo mwanamke alijifunza sheria, na mashamba ya mpunga ya Ifakara, ambako mwanamke mwenzake alingoja kuona kama sheria hiyo itamjua.

Sheria ya Kiingereza ilipokewa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Miezi saba kabla ya hapo, katika Desemba 1919, Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kuondoa kizuizi kilichowanyima wanawake uwakili. Hata hivyo, mlango kufunguliwa London si sawa na mlango kufunguliwa Mahenge. Kilichomzuia mwanamke wa Tanganyika zaidi ya yote ni kukosa shule. Katika Bonde la Kilombero elimu ilishikwa kwa sehemu kubwa na misheni ya Kikatoliki, na msichana aliyebahatika kusoma alielekezwa kwenye uuguzi, ualimu au utawa. Uganga ulijengewa nyumba Ifakara: palikuwa na hospitali ya misheni, na katika miaka ya 1950 wataalamu wa Uswisi wakaanzisha maabara yao. Sheria ilibaki mbali. Ifakara ilikuwa chini ya Wilaya ya Ulanga, na mwenye shauri la bomani alipaswa kuvuka mto kwa kivuko na kupanda milima mpaka Mahenge. Wakati wa masika safari hiyo ilikuwa mtihani. Mashauri mengi yaliamuliwa na mabaraza ya wenyeji, ambamo mwanamke alifika kama mdai, mdaiwa au shahidi, si kama mwamuzi.

Katika Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jumba la TANU. Kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha Sheria, na wanafunzi wake hawakufika 15. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning. Katika miaka ya kwanza ya 1970 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa nchi hii, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Katika muda usiozidi miaka 15, mwanamke alitoka kwenye dawati la peke yake akafika mahali sheria za nchi zinaposimamiwa.

Je, mkulima wa Kilombero alipata nini? Wakili hakupata. Mahakama za mwanzo, zilizowekwa na sheria ya mwaka 1963 na zilizo karibu zaidi na wanakijiji, kwa miaka mingi hazikuruhusu mawakili kusimama mbele yake. Faida ilimfikia kwa njia nyingine, nayo ni sheria yenyewe kubadilika. Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1971, ilimpa mke haki sawa na ya mume ya kupata mali, kuwa nayo na kuiuza. Ilikataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi wa pili. Tena iliagiza kwamba ndoa ikivunjwa, mahakama ipime mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi.

Neno “kazi” ndilo zito kwa watu wa bonde hili. Mpunga wa Kilombero haumei kwa fedha. Mwanamke hupanda, hupalilia, hukaa dunguni kufukuza ndege, huvuna na kupura. Na pamoja na hayo hupika, huteka maji na kulea watoto. Mpunga ukiuzwa, nyumba ya bati ikajengwa mjini Ifakara, jina linaloandikwa kwa kawaida ni la mume. Je, jasho la nyumbani ni mchango? Mahakama ziligawanyika mpaka mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipoamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mdai mwenyewe hakushinda, lakini kanuni ilishinda. Yafaa ikumbukwe kwamba majaji wa shauri hilo walikuwa wanaume. Jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama ya Rufani, Eusebia Munuo, aliteuliwa mwaka 2002. Haki ya mwanamke haikuwa kazi ya wanawake peke yao.

Mwaka 1989 wanasheria wanawake waliunda chama chao, TAWLA, kuwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Miaka kumi baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi, na ikaamuru kwamba baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake. Katika bonde ambamo wakulima, wafugaji na hifadhi hugombea ardhi ile ile, viti hivyo vitatu si pambo.

Hapo ndipo historia hii inapofika ukamilifu wake. Mwanamke mmoja aliyeketi darasani mwaka 1961 alithibitisha kwamba mwanamke aweza kuijua sheria. Wanawake watatu waliopewa viti katika baraza la kijiji, ambao huenda hawakusoma kupita shule ya msingi, wana kazi ngumu zaidi: kuthibitisha kwamba sheria nayo yaweza kumjua mwanamke. Kiti kimeandikwa katika sheria. Sauti ya mwenye kukikalia haiandikwi na mtu, hutolewa na yeye mwenyewe.