Unaenda kwa Nani? Historia ya Wadada Walioshuka Mjini Peke Yao

Ukiwa dada na umepanda basi la Dar peke yako, kuna swali utaulizwa kabla hamjafika Morogoro. Anaweza kukuuliza konda. Anaweza kukuuliza mama uliyekaa naye siti moja. Anaweza kukuuliza kaka wa siti ya nyuma ambaye ameshaona simu yako imezima. "Dada, unaenda kwa nani?" Ona hapo, hajauliza unaenda wapi. Kauliza kwa nani.

Hilo swali ni la zamani kuliko lami ya barabara yetu. Limeulizwa na watu wema, limeulizwa na matapeli, na serikali nayo imewahi kuliuliza, tena kwa sheria. Walioulizwa wengi hawana majina kwenye vitabu. Wameandikwa kama "wanawake wasio na kazi maalumu", au kwa lile neno baya mnalolijua wenyewe. Leo nawaongelea hao.

Tuanze na reli, maana huku kanda ya kati mambo mengi yanaanzia relini. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutokea Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wanasafiri pia, msidanganywe na mtu. Misafara ya Wanyamwezi iliyokuwa inakatiza Ugogo kwenda pwani ilikuwa na wanawake ndani yake, wengine wanapika, wengine wamebeba mizigo kama wanaume. Ila ule ulikuwa msafara. Ukilala porini umelala na wenzako, ukiumwa kuna mtu wa kukuinua. Treni ndo ilileta kitu kipya: mwanamke mmoja, tiketi moja, na kesho yake yuko kwenye mji ambao hakuna anayemjua mama yake.

Wenye majina ni wa kuhesabu. Siti binti Saad alitoka kijijini Fumba akahamia mjini Zanzibar mwaka 1911. Alikuwa muuza vyungu, mtoto wa watu wa chini kabisa. Tunamjua kwa sababu aliimba, na kwa sababu mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Waliohamia mjini kama yeye lakini hawakuimba, hakuna santuri yao popote.

Nairobi ndo kuna stori nzito. Mkoloni aliwaita wanaume mjini kufanya kazi na akawalipa mshahara wa mtu mmoja, yaani mke abaki kijijini. Wanawake wakaenda hivyo hivyo. Walitoka Kikuyu, Umasaini, wengine walivuka kutoka Bukoba. Waliuza chakula, walipika pombe, walipangisha vyumba, na wengine waliuza miili yao, hilo halifichwi. Mwanahistoria Luise White aliwatafuta wakiwa vikongwe, akawasikiliza wenyewe badala ya kusoma tu mafaili ya polisi, na mwaka 1990 akatoa kitabu. Kinachokushtua ni nyumba. Hawa waliokuwa wanaitwa majina mabaya walidunduliza hela, wakajenga. Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulikuwa na wanawake wengi sana wenye nyumba zao. Mwenye nyumba mwanamke, wapangaji wanaume, kwenye mji uliokuwa unasema mwanamke hana kazi pale! Kama wewe ni binti mgeni na mlango wa kwanza unaogonga ni wa mama mwenye nyumba yake, ambaye naye alifika peke yake, usiku wako wa kwanza mjini unakuwa tofauti kabisa.

Huku kwetu Mlali hatuhitaji kwenda mbali kuona mji unavyojaa wanaume ghafla. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga Kongwa, hapo jirani. Wakaleta matrekta, wakaleta wataalamu, wakaajiri maelfu ya vibarua. Udongo ukawa mgumu kama saruji, mvua ikagoma, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Waulize watu leo habari za karanga, watakutajia matrekta na hasara ya mamilioni ya pauni. Sasa wale vibarua walikula nini jioni? Nani aliwapikia, nani aliwauzia pombe? Hao mama hawatajwi, na penye maelfu ya wanaume wenye mshahara hawakosekani.

Dar nako mkoloni alichoka na wageni. Mwaka 1944 ikapitishwa sheria ya kuondoa mijini watu "wasiotakiwa". Huna kazi inayoeleweka, unarudishwa kwenu. Iliwabana zaidi vijana wa kiume, ila msimamo ulikuwa mmoja: mjini ni pa mtu mwenye karatasi. Mwanamke muuza vitumbua karatasi anaitoa wapi?

Alichokuwa nacho ni wenzake. Vikundi vya ngoma, lelemama hasa, vilikuwa zaidi ya kucheza. Mnachangiana, mnazikana, mnajuana nani yuko wapi na nani hajaonekana tangu juzi. Ndo maana mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipotaka kuwaingiza wanawake TANU, hakuanzia maofisini, alipita kwenye vikundi hivyo. Inaelezwa kwamba ndani ya miezi mitatu wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameshajiunga. Tunamkumbuka yeye, na anastahili. Hao 5,000 wengine walikuwa wapika pombe, wauza maandazi, wanawake walioachika wakabaki mjini. Chama kilichokuja kuongoza nchi kilibebwa na watu ambao wangeweza kuitwa wasiotakiwa.

Ungedhani baada ya Uhuru mambo yangekuwa shwari. Kumbe ndo kwanza.

Oktoba 1968, Kariakoo. Wadada wanatoka kazini, ni makarani na wapiga chapa, wale wa kwanza kwanza kupata mshahara wa ofisini. Wamevaa vimini, fasheni ya dunia nzima wakati ule. Magenge ya vijana yakavamia mabasi, yakawashusha waliovaa nguo fupi au za kubana, yakawapiga na kuwachania nguo. Polisi wakaja kutawanya watu. Mwezi huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku vimini, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana. Magazeti yakajaa barua za wasomaji, wengine wanashangilia, wengine wanauliza utamaduni gani huo unaolindwa kwa kumvua mtu nguo barabarani.

Mimi hapo nawaombeni muangalie kitu kimoja, maana huwa kinapita juu juu. Kwenye mjadala wote wa urefu wa sketi, hawakuchagua kwenda majumbani. Walichagua basi. Walimkuta mwanamke yuko njiani, peke yake, katikati ya kazini na nyumbani, sehemu ambayo baba hayupo, mume hayupo, bosi hayupo. Nguo ilikuwa sababu ya kusemea. Hasira ilikuwa juu ya mshahara wake na uhuru wake wa kupanda basi bila kuaga mtu.

Halafu ikaja 1983. Uchumi umeanguka, maduka matupu, serikali ikatunga Sheria ya Nguvu Kazi. Kila mtu mjini aonyeshe kitambulisho cha kazi, asiye na kazi arudishwe shamba. Msako ukapita Dar. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa mama wa nyumbani, akaachwa. Asiye na mume na asiye na ajira, awe anauza mihogo ya kukaanga na kusomesha watoto watatu, huyo alikuwa mzururaji. Kwa hiyo afisa alipokuwa anauliza "una kazi gani?", kwa mwanamke swali la kweli lilikuwa lilelile la kwenye basi. Wewe ni wa nani?

Cha kuchekesha, mwaka huohuo ndo daladala ziliruhusiwa rasmi Dar, baada ya mabasi ya UDA kushindwa kubeba watu. Serikali inawafukuza watu mjini kwa mkono mmoja, kwa mwingine inawaongezea usafiri. Biashara ndogo ndogo zikashinda, msako ukachoka, na waliofukuzwa wengi walirudi.

Nairobi ilirudia ya Kariakoo Novemba 2014. Wanaume kituo cha basi walimvua nguo mwanamke hadharani, video ikasambaa. Safari hii tarehe 17 mamia ya wanawake waliandamana katikati ya mji wakisema nguo yangu ni uamuzi wangu. Kabla mwaka haujaisha Kenya ikabadilisha sheria, kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa na kifungo kisichopungua miaka 10. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na wengi hawajui kwamba hata maneno na ishara za kumdhalilisha mwanamke kijinsia ni kosa humo ndani. Sio "mtaani ndo kulivyo".

Sasa turudi kwenye basi, maana kuna mdada anasoma hii na begi lake liko tayari.

Kutoka Mlali unapanda gari mpaka Pandambili au Kibaigwa, pale unadaka basi la barabara kuu. Tangu miaka ya 1990 mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku kucha, na katazo hilo likaondolewa 2023. Ni jambo zuri kwa biashara, ila maana yake sasa basi linaweza kukushusha Mbezi saa tisa usiku. Enzi za mama zetu uliingia Dar jioni, ukashuka Kisutu au Mnazi Mmoja, baadaye Ubungo kuanzia 1999, watu wamejaa. Stendi ya Magufuli pale Mbezi, iliyozinduliwa Februari 2021, ni kubwa na ina taa, lakini saa tisa ni saa tisa. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua basi la asubuhi. Wenye uwezo wa kufika Dodoma mjini, tangu katikati ya 2024 kuna treni ya umeme, saa tatu na nusu hivi uko Dar. Angalia tu isikufikishe usiku.

Swali likija, lijibu ukiwa umeshajiandaa. Mwambie yeyote "kaka ananisubiri getini", hata kama huna kaka. Ukitaka kumpandisha cheo awe askari, mpandishe. Huo sio uongo wa dhambi, wenzako wa 1983 walitengeneza waume wa kwenye karatasi. Namba ya mwenyeji wako iandike kwenye daftari pia, simu inaibiwa na chaji inaisha. Hela usiweke sehemu moja. Mpiga debe anayeshika begi lako bila kuombwa, mwambie kwa sauti ya kusikika na wengine "acha mzigo wangu", usione aibu, aibu ni yake. Boda mchukue kijiweni pale wanapojuana, na namba ya pikipiki mtumie mtu kabla hujapanda, dereva akuone unavyotuma.

Ila wa kumuogopa kuliko mpiga debe ni yule anayejua jina lako. Namuongelea "shangazi" au "dada" anayekuja kijijini kuchukua mabinti wa kazi za ndani, anasema Dar kuna mshahara mzuri, na hataki kumuachia mama yako anuani. Nchi ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008. Kabla hujaondoka, mwajiri aongee na wazazi kwa simu, ataje mtaa, ataje mshahara, na mtendaji wa kijiji ajue umeenda wapi. Kitambulisho chako akae nacho nani? Wewe. Ukikwama, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na 112 ni ya dharura.

Na kama umeshushwa Mbezi saa tisa na mwenyeji hapokei, usitoke nje ya geti. Kaa sehemu ya kusubiria karibu na mama mwenye watoto, mwambie ukweli nusu, mlindiane mizigo. Kuanzia saa kumi na moja daladala zinaanza kuita abiria na wamama wa chai na chapati wanawasha majiko.